Kusi Haiji Ghafla: Pepo, Mawimbi na Dola Unguja

Jumatano ya tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, boti ya abiria MV Skagit iliondoka Dar es Salaam kuelekea Unguja. Kusi ilikuwa imepamba. Boti haikufika. Ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, pale ambapo msafiri huanza kukusanya mizigo yake kwa kuwa mji umeshakaribia, na zaidi ya watu 100 walikufa au kupotea. Siku zilizofuata, katika baraza za Malindi na Kikwajuni, maneno mawili yalirudiwa kila upande. La kwanza lilikuwa kudra. La pili lilikuwa upepo. Bahari ilichafuka ghafla, watu wakaambizana, na ajali haina kinga.

Sina ugomvi na kudra. Ni nguzo ya imani ya watu wengi wa visiwa hivi, na aliyempoteza mama au mtoto ana haki ya kujiliwaza kwa neno analolijua. Ugomvi wangu ni na neno "ghafla". Kusi ya Julai haiji ghafla. Imekuwa ikija kila mwaka, katika miezi ile ile, tangu kabla ya kuwapo mji wa Zanzibar, kabla ya Uislamu kufika pwani hii, kabla ya mtu yeyote kuandika jina la kisiwa chetu. Pengine hakuna jambo katika maisha ya umma wa Unguja linalotabirika zaidi ya upepo huo. Bajeti ya Serikali haitabiriki hivyo, wala bei ya karafuu. Kwa hiyo swali linalomhusu mwanafunzi wa historia, na linalomhusu zaidi mtumishi wa umma, ni hili: imekuwaje jamii iliyojengwa na upepo, ikapanga biashara, madeni na hata sheria zake kwa kufuata upepo, ikafika mahali pa kuushangaa?

Hatuna budi kwanza kuujua mwaka wa bahari, ambao haufanani na mwaka wa ofisini. Kuanzia Disemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa joto utokao kaskazini-mashariki. Aprili, masika yakiwa yameshika, upepo hugeuka, na ifikapo Mei kusi imeshakaa. Hutia nguvu Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, kisha hulegea Septemba na Oktoba katika majira ambayo wazee huyaita demani. Baina ya pepo hizo mbili kuna vipindi vya maleleji, upepo ukiwa kigeugeu, na kipindi hicho mabaharia wamekiita pia tangambili, kwa kuwa chombo kinaweza kutweka tanga kwenda huku na kutweka kurudi kule. Ndani ya mizunguko hiyo mikubwa kuna midogo: umande, upepo mwanana utokao upande wa bara alfajiri, na matlai, upepo wa mashariki. Kila jina hapa lilikuwa amri ya kazi. Aliyeambiwa "umande umeingia" hakuwa anapewa khabari ya hali ya hewa tu. Alikuwa anaambiwa ainuke, ashue chombo.

Chanzo cha haya yote kiko mbali nasi. Bara la Asia hupata joto kali katikati ya mwaka, hewa juu yake ikapanda, na hewa ya baharini kutoka kusi ya dunia ikavutwa kujaza nafasi. Hapa kwetu inapita ikitokea kusini na kusini-mashariki. Ikishavuka Ikweta hupinda kuelekea Uarabuni na Bara Hindi. Mwisho wa mwaka Asia hupoa na mambo hugeuka. Kwa hiyo upepo unaopeperusha kanga kwenye kamba Jambiani una asili moja na mvua inayonyesha Bombay.

Lakini upepo peke yake si bahari. Unguja ina uso na mgongo. Mgongo wake ni pwani ya mashariki, Matemwe, Pongwe, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, inayotazama Bahari ya Hindi iliyo wazi. Mawimbi ya kusi yamesafiri masafa marefu pasipo kizuizi kabla ya kufika hapo, na hupasuka kwenye mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufukwe. Mngurumo wake husikika nyumbani usiku kucha. Ndani ya mwamba kuna maji mapana yasiyo na kina, na wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, hukauka kiasi cha mtu kutembea hadi karibu na mwamba wenyewe. Uso wa Unguja ni magharibi, uliko Mji Mkongwe, umekingwa na kisiwa chenyewe dhidi ya bahari kuu, na umezungukwa na visiwa vidogo vya Changuu, Chapwani na Bawe. Rasi ya Shangani hutokeza katikati, hivyo chombo kinaweza kujificha upande mmoja wa rasi upepo unapotoka upande mwingine. Waliouchagua mji huu hawakupiga ramli.

Hata hivyo utulivu wa bandari ya Malindi ni wa udanganyifu, na hapa ndipo penye roho ya jambo lenyewe. Mlango-bahari baina ya Unguja na Bara umelala kusini-kaskazini na uko wazi upande wa kusini, kwa hiyo kusi huingia humo kama maji yaingiavyo mfereji. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na hushika kasi zaidi wakati wa kusi. Maji ya kupwa na kujaa yanapokabiliana na upepo huo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Msafiri anayepanda boti gatini maji yakiwa kama kioo hukutana na bahari nyingine akishaipita Chumbe. Kaskazini, penye Rasi ya Nungwi, bahari ya Unguja hukutana na kina kikubwa cha upande wa Pemba, na mkondo wa Nungwi unajulikana kwa ukali hata na watoto wa kijiji.

Elimu hii ni kongwe kuliko dola zetu zote. Yule Mgiriki asiyejulikana jina aliyeandika katika karne ya kwanza BK mwongozo wa biashara ya bahari hii alizitaja mashua za pwani hii zilizoshonwa kwa kamba, na kisiwa cha Menouthias ambacho wataalamu hadi leo wanabishana iwapo ni Unguja, Pemba au Mafia. Wafanyabiashara aliowaandikia walijua mwezi wa kuondoka Bahari ya Shamu na mwezi wa kurudi. Aliyekosea hakupotea njia, alipoteza mwaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Vasco da Gama, nao haufundishwi inavyostahiki katika skuli zetu. Tunawafundisha watoto kwamba Mreno alifika. Tuwafundishe pia tofauti baina ya kwenda kwake na kurudi kwake. Aprili 1498 aliondoka Malindi ya Kenya akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa huko, kusi ikianza kushika, akafika pwani ya Calicut kwa muda usiotimia mwezi mmoja. (Rubani huyo kwa miaka mingi amesemwa kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa Julfar, watafiti wengi wa siku hizi hawaikubali hadithi hiyo, nami ni miongoni mwao.) Kurudi hakusubiri. Aliondoka India kabla kaskazi haijaingia, asiwe na mtu wa kumwonyesha njia, na safari ile ile ikamchukua takriban miezi mitatu. Mabaharia wake walikufa kwa kiseyeye mmoja baada ya mwingine. Waliofika Malindi Januari 1499 walikuwa wachache mno, na baada ya kuondoka hapo waliichoma moto moja ya merikebu zao kwa kukosa watu wa kuiendesha. Mabaharia wetu wana neno la kwenda dhidi ya upepo: kubisha. Ni neno hilo hilo tunalolitumia kwa anayepinga asichokiweza.

Manahodha wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili walikuwa na kalenda ya kuwaepusha na balaa hilo, na haikuwa kalenda ya mwezi. Mwaka wa Kiislamu hutembea katika majira yote, hivyo haufai kumwambia mtu lini atweke. Walitumia mwaka wa jua uanzao Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, wakahesabu siku kutoka moja hadi 365. Kwetu zikagawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Kwa kuwa mwaka huo hauna siku ya nyongeza, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, na ndiyo sababu leo huangukia Julai. Wengi wetu tunaijua kama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, siku ya kupigana kwa migomba na kuchoma banda la makuti, na wageni wakipiga picha. Ni vyema kukumbuka kwamba moshi ule wanaoutazama wazee kuona unaelekea wapi unatoka katika sherehe ya kalenda, na kwamba kalenda ile mabaharia waliitumia kuokoa roho za watu.

Jambo moja katika elimu hiyo lanipasa kulitilia mkazo: bahari ilikuwa na wakati wa kufungwa. Ibn Majid na wenzake waliandika wazi kwamba kusi inapofikia kilele, bandari za magharibi ya India hazifikiki, na nahodha mwenye akili hasafiri. Aliye Afrika Mashariki ama aliondoka mapema, kusi ikiwa changa, ama alingoja ilegee aondoke wakati wa demani. Katikati alikaa. Alitengeneza chombo, alipaka sifa, aliuza alichobakisha, aliswali, alioa. Fikra kwamba upo wakati ambapo jibu sahihi ni kutosafiri, hata kama mzigo uko tayari na tajiri amekasirika, haikuwa woga. Ilikuwa ndiyo sehemu ya juu ya ujuzi.

Mji Mkongwe ulikua juu ya fikra hiyo. Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, hakuumba biashara mpya. Aliuweka mkono wa dola juu ya mzunguko uliokuwapo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman, Hadhramaut, Ghuba na Kutch, yakiwa na tende, chumvi, papa mkavu, samli, mazulia na nguo. Mji ulifura. Kusi iliyachukua yakiwa na pembe, karafuu, boriti za mikoko, na binadamu. Mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi ilihesabiwa kwa musimu, kwa kuwa mdaiwa hakuweza kulipa kabla chombo hakijarudi, na hakuna hakimu ambaye angeweza kuiamrisha kusi ivume Januari.

Nimesema na binadamu, na hapa lazima nimkatize yule msomaji anayetaka kuililia jahazi kama alama ya enzi njema. Ujuzi wa pepo haukuwa na maadili ndani yake. Waliojua tangambili kuliko wote walikuwa pamoja na waliobeba watumwa. Na dola ililijua hilo. Mkataba wa mwaka 1845 baina ya Seyyid Said na Uingereza, ulioanza kutumika 1847, ulizuia kuwapeleka watumwa Uarabuni lakini ukaacha wasafirishwe ndani ya milki ya Sultani Afrika, yaani baina ya Kilwa na Lamu. Mwanya huo ulikuwa mpana kama mlango wa Forodhani: chombo kilijidai kinakwenda Lamu, kusi ikakipeleka mbele. Ndipo katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said alipopiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini katika miezi ya mwanzo wa mwaka, miezi ambayo majahazi ya kaskazini yalikuwa bandarini yakingoja kugeuka kwa upepo. Tuitazame sheria hiyo vizuri. Haikuandikwa kwa huruma, bali kwa shinikizo, na watu waliikwepa. Lakini umbo lake linafundisha: dola ya Zanzibar iliwahi kutunga sheria ambayo kifungu chake kilikuwa ni upepo. Aliyeitunga alijua meli zipo wapi Machi na zitakuwa wapi Juni.

Wenyeji nao walikuwa na sheria zao zisizoandikwa. Wazee wa Malindi na Funguni wamesimulia kwamba miezi ya kaskazi watoto walifungiwa ndani mapema, kwa khofu ya kuibiwa na mabaharia wageni, na khofu hiyo ilidumu muda mrefu baada ya soko la watumwa kufungwa.

Kulifungwa Juni 1873, na nyuma ya kufungwa huko kuna upepo mwingine, ambao kwa haki kabisa unastahili neno "ghafla". Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Vimbunga ni nadra karibu na Ikweta, nasi tuko yapata nyuzi 6 tu kusini yake. Hakuna kalenda ya Nairuzi iliyokuwa na siku ya jambo hilo. Vyombo vilivyokuwa bandarini vilivunjika au kuzama, zikiwamo meli za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti. Mashamba ya karafuu ya Unguja yaliangushwa kwa sehemu kubwa mno. Pemba ilinusurika, na kuanzia hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, jambo ambalo athari zake za kiuchumi na kisiasa zimeendelea kutufuata mpaka katika masanduku ya kura. Barghash aliyekabiliwa na ujumbe wa Sir Bartle Frere mwanzoni mwa 1873 alikuwa mtawala asiye na jeshi la majini na ambaye matajiri wake walikuwa wamefilisika. Alikataa, akatishiwa kuzingirwa na manowari, akatia saini tarehe 5 Juni. Simaanishi kwamba kimbunga ndicho kilichofunga soko la Mkunazini. Watumwa wenyewe, wapinga utumwa na manowari za Kiingereza wana sehemu zao. Ila meza ya mazungumzo ilikuwa imeshapinduliwa upande mmoja na upepo. Meli ya Glasgow, aliyoijenga Barghash baadaye kufidia zilizopotea, nayo iliishia chini ya bandari hiyo hiyo kwa mizinga ya Waingereza Agosti 1896.

Mwaka huo huo wa kimbunga, 1872, kampuni ya British India ilianzisha safari za meli za moshi kufika Unguja. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869. Basi kwa mara ya kwanza chombo kiliweza kubisha dhidi ya kusi bila kujali, kikafika kwa ratiba iliyopigwa chapa London. Kusahau kwetu, kwa maoni yangu, kulianzia hapo, na kulianzia juu: kwa wakubwa, ofisini, katika ratiba. Chini, watu waliendelea kujua. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 kutoka Aden mpaka Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti, alikuta mzunguko wa kaskazi na kusi ungali hai, na bandari ya majahazi ikiwa imejaa. Kilichouondoa ni mambo kadhaa pamoja. Mafuta ya Ghuba yaliwapa mabaharia kazi bora. Meli za injini zilichukua mizigo. Na Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyotokea kaskazi ikiwa inavuma, yalibadilisha nani aliyekuwa anakaribishwa katika bandari hii na nani aliyekuwa na sababu ya kuiogopa.

Turudi sasa katika zama zetu. Mei 2009 MV Fatih ilizama katika bandari ya Malindi yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya Idi el Fitri, MV Spice Islander I ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu zaidi ya 2,000, idadi iliyozidi mara kadhaa uwezo wake. Waliokufa na waliopotea, kwa hesabu ya tume, walizidi 1,500. Miezi kumi baadaye ikafuata Skagit. Haki inatutaka tusizichanganye. Spice Islander haikuzamishwa na upepo. Ilizamishwa na tamaa ya kupakia na ulegevu wa waliopaswa kuizuia isitie nanga juu, na ingeweza kuzama hata katika shwari ya tangambili. Mkondo wa Nungwi uliongezea tu katika namna ya watu kufa, mbali na nchi, usiku.

Skagit ni kesi nyingine. Chombo hicho kiliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya kuwavusha wakaazi wa jimbo la Washington katika maji ya ndani ya Puget Sound, ghuba iliyozungukwa na nchi kavu. Kiliuzwa mwaka 2011, kikaletwa huku. Kila mzee wa Kizimkazi angeweza kuuliza swali moja tu kabla hakijapewa kibali: kimejengwa kwa bahari gani? Ukiona vyaelea vimeundwa, tunasema, na kwa kawaida tunasema kwa kusifu. Lakini methali hiyo pia ni swali la mkaguzi. Vimeundwa kwa maji yapi, kwa mwezi upi? Mamlaka ya Usafiri Baharini ilikuwa imeshaanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Sheria ilikuwapo, ofisi ilikuwapo, na waziri aliyehusika alijiuzulu baada ya msiba, jambo la nadra kwetu na la kuheshimika. Kilichokosekana ni ile fikra ya zamani ya bahari iliyofungwa: kwamba kibali cha chombo si kitu cha mwaka mzima, kwamba boti inayofaa Februari inaweza isifae Julai, na kwamba kuahirisha safari ni uamuzi wa kitaalamu na si hasara ya kuombewa radhi.

Nitajibiwa kwamba tuna sasa Mamlaka ya Hali ya Hewa na utabiri wake wa kila siku, na kwamba Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania na kufika Mafia, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Ni kweli, na waliosimamia wanastahiki shukrani. Lakini tazama tulichokionyesha. Tunaweza kuifunga bahari pale hatari inapokuja na jina na picha ya setilaiti. Kusi ya kila mwaka haina jina la namna hiyo. Haitangazwi redioni kwa sauti ya dharura, haina mkutano na waandishi. Inakuja tu, kama ilivyokuja kwa Da Gama na kwa Majid, nasi tunaipokea kama mkosi.

Si kila mtu Unguja ameusahau mwaka wa bahari. Nenda Paje mwezi wa Julai, maji yakijaa. Utawaona wageni kwa makumi wakiteleza juu ya maji, wamefungwa kwenye tiara kubwa za rangi, wakivutwa na kusi ile ile. Wamelipa nauli ya ndege kuufuata upepo huo, na wanajua kwa wiki unaanza lini na unakwisha lini. Wenye hoteli wamepanga bei zao kwa kusi na kaskazi kwa umakini ambao ungemfurahisha tajiri wa Kutch. Subiri maji yapwe. Utawaona kina mama wameinama katika maji hayo hayo wakifunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoshika katika vijiji hivyo tangu 1989, na ambayo kalenda yake ni bamvua: hakuna kupwa, hakuna kuvuna. Kusi ikizidi hukata kamba zao. Maji yakipata joto, kama yanavyopata siku hizi, mwani hufa. Katika kilomita chache za ufukwe mmoja wapo watu wa aina mbili wanaousoma upepo kwa makini, wanaogombania nafasi ile ile ya maji, na katika mpango wa matumizi ya ufukwe mmoja wao husikilizwa haraka kuliko mwingine. Hilo nalo ni suala la historia: ujuzi wa pepo daima umelipa, na daima pamekuwa na swali la umlipe nani.

Mwishoni mwa Septemba mwaka mmoja niliingia darasani, wanafunzi wapata sitini, nikawauliza ni upepo gani unaovuma nje ya dirisha. Walinieleza vizuri sana mfumo wa pepo za msimu, mgandamizo wa hewa wa Asia na mzunguko wa dunia, kama walivyojibu katika mtihani wa kidato cha sita. Nikasema sikuuliza hayo; nimeuliza leo. Kikapita kimya. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Kojani akanyoosha mkono bila ya kuinuka. "Kusi, mwalimu, lakini imeshalegea. Umande siku hizi unakaa mpaka saa nne." Nikamwuliza amejuaje, naye yuko mjini. Akasema kaka yake amempigia simu kumuaga. Jumamosi wanakwenda dago.